Risiva Aliyoichukua Mtani

Asubuhi ya mazishi ya mke wangu, mtani wa ukoo wake alipiga magoti mbele ya kabati la televisheni na kuanza kuchomoa nyaya za risiva, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na nilimwona vizuri. Alikuwa amevaa gauni la marehemu juu ya suruali yake, kilemba kichwani, na kila alipochomoa waya alinitazama akingoja nimkemee. Alipomaliza alijitwika lile sanduku kichwani, akatoka nje kwa mwendo wa mke wangu, ule wa kutupa mguu mmoja pembeni kidogo, na watu wote uwanjani wakacheka.

Risiva ninayoisema si ile ya dishi. Ni lile sanduku jeusi, zito, linalopokea sauti kutoka kwenye televisheni na kuigawa kwa spika: mbili mbele, mbili nyuma, moja katikati chini ya kioo, na ile kubwa ya mdundo pembeni. Alilinunua mke wangu, kwa hela yake ya mboga. Alikuwa akishusha karoti na njegere kutoka kwao milimani na kuziuza sokoni, na siku aliyorudi na spika juu ya mkokoteni nilimuuliza kama sasa tunafungua ukumbi wa harusi. Alinijibu kwamba amechoka kuangalia tamthilia kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani. Nikaona ni anasa za mwanamke aliyepata msimu mzuri.

Mimi ni mtu wa Gairo. Nililetwa mjini na kiwanda cha nguo, nikakaa kwenye mashine za kusokota pamba mpaka walipotupunguza, kwa hiyo mambo ya Waluguru niliyajua kwa kuoa. Kwao kila ukoo una watani wake, watu wa ukoo mwingine, na msiba ukitokea hao watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaopika, na ndio wanaoleta fujo. Wanamwiga marehemu. Wanaziba mlango jeneza lisitoke. Wanachukua kitu cha ndani, kitu chenye maana, na wafiwa wanatakiwa wawakimbize, wawatukane, wagombane nao mpaka jasho liwatoke, halafu wakikomboe kwa kuku au kwa chochote kilichopo. Kuku si hoja. Wanachotaka ni ule ugomvi, mtu aliyekabwa na kilio apige kelele kwa jambo la kijinga, labda na kilio nacho kitapata pa kutokea.

Mimi sikumkimbiza. Nilikuwa na ganzi, sina neno jingine. Mguu ukiulalia vibaya ukaamka nao umekufa, unaugusa unaona ni wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Shemeji zangu walinisukuma begani, "Shemeji, risiva inakwenda hiyo, inuka!" na mimi nikawaza tu kwamba pale ilipokuwa imekaa pameacha alama ya mraba kwenye vumbi. Ikapanda lori pamoja na masufuria, ikatutangulia milimani tulikokwenda kumzika, maana kwao mtoto wa kike huzikwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Nilirudi mjini jioni ile, risiva ikabaki huko. Arobaini nayo ilifanyikia huko huko juu, na mimi nilituma salamu kwamba presha imepanda. Presha yangu haikuwa na tatizo lolote.

Tuna mtoto mmoja, binti, anafanya kazi ofisini Dodoma. Baada ya arobaini alipita kwangu akalala usiku mmoja. Tulikula wali wa baridi, mimi upande wangu wa meza na yeye upande wake, na kijiko kikigonga sahani kilisikika chumba kizima. Enzi za mama yake nyumba ile haikuwahi kunyamaza. Tamthilia zilizotafsiriwa zilikuwa zinalia tangu jioni, mama na mwana wakibishana na watu wa kwenye kioo, wakiwaonya, wakiwatukana, na mimi kwenye kochi langu nikijifanya nasoma gazeti. Sasa spika tano zilikuwa zimesimama zimekodoa macho na hakuna wa kuzisemesha. Asubuhi binti yangu akaondoka na basi la kwanza. Pale stendi ya Msamvu aliniambia, "Baba, hata saa ya ukutani haigongi mle ndani. Sikupata usingizi."

Krismasi ilipokaribia alipiga simu. Alisema atakuja, lakini atafikia kwa mama yake mdogo, Kihonda. "Nitakuja mchana kukusalimia."

Kunisalimia. Nilijua kwamba neno hilo linauma, kama unavyojua kwamba chungu kilichoko jikoni ni cha moto bila kukigusa. Nilijua pia kitu kingine, na hicho kilinikalisha kitini muda mrefu: mtoto akishaanza kulala kwa watu wakati nyumba yao ipo, ile haiwi kwao tena. Inakuwa nyumba ya mzee fulani, anapita kumwangalia kama bado anakula. Huyo ndiye mtu pekee niliyebaki naye. Nikaamua atalala nyumbani, na kwa akili niliyokuwa nayo wakati ule niliona njia moja tu, nayo ni kununua risiva nyingine ya bei ninayoiweza. Kumfuata mtani kule juu sikutaka hata kukuwaza. Kule ndiko alikozikwa mke wangu, na njia inapita pale pale.

Nilianzia Msamvu, kwenye duka lililopanga sabufa nje mpaka barabarani, zote zikilia kwa pamoja. Muuzaji alikuwa na miwani ya jua ndani ya duka. Nilimwambia nataka risiva ya kuendesha spika tano na sabufa, isiwe ya kunifilisi.

"Mzee, achana na risiva, chukua hii seti nzima," alisema, akapiga kofi juu ya sanduku jipya. "Hii inapasua ukuta."

"Sitaki kupasua ukuta. Ule ukuta nimeujenga mwenyewe."

"Ona wati zake hapa!" Ubavuni palikuwa pameandikwa namba ndefu. Nililinyanyua lile sanduku, jepesi, ungesema ndani mna maandazi. Akaweka muziki. Mdundo niliusikia tumboni, hilo silikatai. Nikamwomba aweke mtu anayeongea. Akaweka mahubiri, na mhubiri akawa anafungua na kufunga mdomo huku kitu kinavuma. Nilimuuliza amesema nini. Alinitazama juu ya miwani. "Si unamsikia, mzee?"

Nilimwambia namsikia, nikaondoka. Maduka mengine mawili yalikuwa yale yale, mdundo mwingi na maneno hakuna, na nikatoka humo nimekasirika, au tuseme nikifanya mambo ambayo mtu aliyekasirika huyafanya. Nilifunga mlango kwa nguvu. Nilijisemea barabarani. Vitu vya siku hizi havina sauti, basi.

Hapo niseme habari ya masikio yangu. Mke wangu alinisumbua muda mrefu twende hospitali, akidai mashine za kiwandani zimeyaua. Nilikataa. Nilimwambia masikio yangu ni mazima, ila watu wa zama hizi wanaongelea tumboni. Majirani walikuwa wameanza kulalamika kwamba naongeza televisheni mpaka watoto wao hawalali. Halafu, muda si mrefu baada ya zile spika kuingia, aliacha kabisa kunisumbua, na kweli nikawa nasikia kila neno la kwenye kioo, hata mtu akinong'ona. Nilimwita kutoka jikoni nikamwambia, "Unaona? Lilikuwa vumbi la pamba tu. Limetoka lenyewe." Alisimama mlangoni, mikono ina unga, vipande vya pamba vimechomoza masikioni. Alizoea kuziba masikio kwa pamba jioni, nami nilidhani ni mambo ya watu wa milimani, wanaogopa upepo hata ndani ya nyumba. Alisema, "Naona."

Risiva nilikuja kuipata kwa mama mmoja karibu na soko kuu, anayeuza vitu vilivyotumika kutoka Japani. Duka lake halikuwa linapiga kelele. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafuta vumbi amplifaya kwa mswaki wa meno. Kabla hajanionyesha chochote aliniuliza maswali: spika zangu ni zipi, nyuma zimeandikwa ohm ngapi, chumba kina ukubwa gani, na ninataka kusikiliza nini. Nilimjibu nilichokijua. La mwisho nilimwambia, tamthilia.

"Basi hutaki nguvu, baba. Unataka maneno." Akasema nisibabaike na namba za ubavuni, maana karatasi haikatai kuandikwa. Niangalie kama ina matundu ya spika tano za kweli, kama inapokea waya wa televisheni yangu, nizungushe kitufe cha sauti taratibu nisikie kama kinakwaruza. Akachagua moja ya saizi ya kati, ina mkwaruzo kwenye kona, ya bei ambayo ningeilipa na bado nikala Krismasi. Akaifunga kwenye spika za dukani na kuweka watu wawili wanaozungumza. Nikasikia mvumo.

Nadhani alinisoma usoni. Hakuongeza sauti. Alichukua rimoti, akaingia mahali palipoorodheshwa spika moja moja. "Kwenye filamu, maneno ya watu yanatokea kwenye hii ya katikati," alisema. "Muziki na magari vinatokea pembeni. Mtu asiposikia maneno, anaongeza vyote, nyumba inakuwa gereji. Wewe pandisha hii moja." Akabonyeza, akabonyeza tena. Na yule mwanamke wa kwenye kioo akasema, wazi kabisa, "Mama amelala, usimwamshe."

"Sasa?"

"Sasa nasikia," nikasema.

Alipokuwa anaifunga kwa kamba lilipita lori la miwa. Alikuwa anasema kitu, anaelekeza kidole kwenye kichwa cha waya wa umeme, halafu kwenye kijisanduku fulani rafuni. Nilitikisa kichwa kukubali. Akarudia, nikatikisa tena. Ndivyo ninavyofanya nisiposikia. Nimeishi na watu vizuri tu kwa kutikisa kichwa.

Nyumbani nilifunga nyaya zote kwa uangalifu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikachomeka umeme. Ile risiva iliguna mara moja, mlio mfupi wa mtu aliyekanyagwa, halafu moshi mwembamba ukapanda kupitia matundu ya juu. Kukanuka mpira. Niliuchomoa waya, nikakaa chini mbele yake. Nilitegemea nitakasirika, nikangoja, hakuna kilichokuja.

Nilimpigia simu yule mama.

"Mzee, uliweka transfoma?"

"Transfoma gani?"

"Vitu vya Japani vinatumia volti mia moja. Vya kwetu ni mia mbili na zaidi. Nilikwambia mara mbili lazima upitishe kwenye transfoma, ukatikisa kichwa."

"Nilisikia," nikasema.

"Hukusikia, baba." Hakusema kwa ubaya. Alisema pengine ni kifaa cha ndani tu kimeungua, lakini fundi wake amekwenda kwao, mpaka mwaka mpya. Halafu akauliza, "Kwani ya zamani iliharibika?"

"Ilichukuliwa na mtani msibani."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na hujaikomboa mpaka leo? Mzee, huyo mtu umemwacha katika hali gani?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimejiuliza habari zangu tu, na hata hizo kidogo. Binti yangu alikuwa anakuja mkesha wa Krismasi, zilibaki siku chache, na hela ya risiva nyingine sikuwa nayo. Kesho yake nilipanda gari la Mkuyuni.

Pale sokoni Mkuyuni nilinunua jogoo mwekundu mwenye hasira, nikachukua bodaboda mpaka barabara ilipokwisha, nikaanza kupanda kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo unashika viatu. Kaburi lilikuwa chini ya njia, upande wa migomba, msalaba wa saruji bado mweupe. Sikusimama. Nilimhamishia jogoo mkono wa upande ule na kutazama mbele.

Mtani alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake anapukuchua maharage. Ni mzee kunizidi, mwembamba, na nilimkumbuka akiwa ndani ya gauni akiuchekesha uwanja mzima. Sasa alikuwa mtu mwingine. Nilipiga hodi na kumwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba.

"Mtu wa Gairo," alisema. "Umekumbuka njia."

"Nimekuja kukomboa."

"Ulitakiwa uje siku ile ile. Nilikaa na lile sanduku kwenye lori nikigeuka nyuma nione kama unanikimbiza. Nikasema, ana uchungu, atakuja arobaini. Arobaini nikavaa tena lile gauni, nikakusubiri pale njia panda. Watu wakala, wakanawa, wakaondoka. Mimi nimesimama na gauni." Aliweka chini ungo wa maharage. "Unajua wananiitaje hapa kijijini? Nikipita, watoto wanaficha masufuria. Kitu cha msibani kisipokombolewa ni kitu cha wizi. Nimezika watu milima hii yote, nimewachekesha wafiwa, sijawahi kuitwa mwizi. Umenifanya mwizi wewe."

Nilimwambia pole. Lilikuwa neno dogo na wote wawili tuliliona hivyo. Nikamnyooshea jogoo.

"Kuku wako simtaki kwanza. Nitukane."

"Mzee wangu…"

"Mimi si mzee wako, mimi ni mtani! Nimekuchukulia mali ya mkeo, nimekunyima usingizi, na wewe unaniamkia shikamoo kama nimekuja kuposa. Nitukane, mla mlenda mkubwa wewe!"

Majirani walikuwa wameanza kusogea, mwanamke na jembe begani, wazee wawili. Nikatafuta tusi. "Mwizi wewe," nikasema.

"Hilo si tusi, hilo ndilo jina langu siku hizi. Tafuta jingine."

"Ninyi mnalima mmejifunga kamba kiunoni msije mkaporomoka na karoti zenu."

"Hilo nalijua tangu sijazaliwa. Jingine!"

"Ulivaa gauni la mke wangu ukafanana na gunia la mkaa lililoloana."

Mmoja wa wale wazee akacheka. Mtani akatikisa kidole, "Ee, endelea, endelea," na nikafungua mdomo kuendelea, na kilichotoka sikuwa nimekitafuta. "Na mwendo wake hukuuweza! Ulitupa mguu wa kulia. Yeye alikuwa anatupa wa kushoto. Wa kushoto! Miaka yote umemjua tangu msichana, unamwiga mbele ya watu, mbele ya jeneza lake, na hujui hata mguu wake ni upi!"

Nilikuwa napiga kelele. Jogoo alikuwa amenitoka mkononi anakimbia kwenye maharage na hakuna aliyemfuata. Sikujua kwamba jambo hilo lilikuwamo ndani yangu. Lilikuwamo tangu asubuhi ile ya mkeka. Kila kitu kilikuwa kimekufa ganzi isipokuwa hilo, kwamba alikosea mguu.

Mtani alisimama. Alijipangusa maganda ya maharage, akapandisha suruali kidogo, akatembea kutoka kizingitini mpaka penye figa na kurudi, taratibu, akiutupa pembeni mguu wa kushoto. Hakuna aliyecheka.

"Hivi?"

"Hivi," nikasema.

"Alivunjika akiwa mdogo, alianguka na mtungi," alisema. "Mimi ndiye niliyembeba. Nimesahau mguu gani." Kisha akaingia ndani, akatoka na risiva. Alikuwa ameifunga kwa kanga mbili na kuilaza muda wote huo juu ya kitanda cha wageni, ambacho hakuna mgeni aliyekilalia. Hakuwahi kuichomeka. Akanitwika kichwani mwenyewe, akawaambia wale waliosimama, "Mmeona? Imekombolewa. Semeni na huko mnakosemea."

Wakati wa kushuka nilisimama pale kwenye migomba. Sikuomba chochote. Viatu vilinibana, risiva ilinielemea shingoni. Nilimwambia mke wangu nimeipata, mtoto anakuja. Niliona pamepaliliwa vizuri, majani hayajaota, na nilifahamu ni mtani anayepasafisha.

Binti yangu alifika mkesha wa Krismasi mchana, begi lake tayari limeshushwa Kihonda. Aliniamkia, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama wanavyoketi wageni. Halafu akaiona. Nilikuwa nimeiweka mahali pake lakini nyaya zilikuwa bado sakafuni, maana baada ya ile ya Japani niliogopa kuzigusa.

"Baba. Umeikomboa?"

"Nimetukana mtu mzima mbele ya watu."

Alicheka, akavua viatu, akapiga magoti pale pale alipopigia mtani, na kuanza kurudisha waya mmoja mmoja. Alizijua zote. Alikuwa ndiye aliyezifunga mara ya kwanza, yeye na mama yake, mimi nikiwa kwenye kochi na gazeti langu. Alipowasha, taa ya bluu iliwaka na namba zile zile zikatokea. Akatafuta tamthilia. Mwanamume mmoja alikuwa anambembeleza mkewe arudi nyumbani, na nilisikia kila neno, hadi pumzi zake.

Binti yangu alikunja uso, akajifunika masikio. "Mungu wangu. Nilikuwa nimesahau."

"Umesahau nini?"

Alinitazama, kisha akanionyesha kwenye kioo ile orodha niliyoiona kwa mama wa sokoni, spika moja moja. Zote zilikuwa chini, zimetulia. Ya katikati ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho kabisa, isingeweza kwenda zaidi. "Mama ndiye aliyeweka hivi," alisema. "Ndiyo maana alinunua haya mavitu yote, baba. Muuzaji alimwambia kuna redio ambayo unaweza kupandisha maneno peke yake. Alisema hospitali hutakwenda, basi hospitali aje nayo nyumbani. Alinikataza kukwambia. Alisema umefurahi sana kwamba umepona."

Kiti cha mke wangu kilikuwa pale, karibu kabisa na kabati, si hatua mbili kutoka ile spika. Huo ndio ulikuwa upande wake. Kila jioni, miaka yote ile, alikuwa amekaa hapo na watu wanampigia kelele usoni.

"Nipunguze?" binti yangu akauliza. Kidole kilikuwa juu ya rimoti.

Nilitaka kumwambia apunguze. Nikabaki nakitazama kile kiti.

Kisha akavuta droo ya chini ya televisheni, ambayo sikuwa nimeifungua tangu msiba, akatoa bunda la pamba. Akachana vipande viwili, akavisokota kwa vidole kama aliyefundishwa, akajiziba sikio moja, halafu la pili. Akamwandikia mama yake mdogo kwenye simu amletee begi. Kisha akakaa kwenye kile kiti, akakunja miguu juu, na kuanza kumgombeza yule mwanamke wa kwenye kioo asirudi kwa mwanamume huyo.

Nikalia. Nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na ilikuwa inauma kila mahali, kama mguu unapoamka. Binti yangu alikuwa na pamba masikioni na macho kwenye tamthilia, kwa hiyo hakusikia, na mimi sikujizuia.